Usimlaze chali: pumzi ya mtu aliyevunjika uso

Kijana aliletwa usiku, saa tano kasoro, amebanwa katikati ya wenzake wawili juu ya bodaboda. Kilikuwa kituo kidogo kando ya ziwa, mbali na Mwanza mjini, nami nilikuwa na miezi michache tu katika kazi ya kuwapa wagonjwa dawa ya usingizi. Taya la chini lilikuwa limevunjika kulia na kushoto, meno ya mbele yamelalia ndani, mdomo umechanika hadi karibu na kidevu. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono kashika magoti, kichwa kakiinamisha, damu na mate vikichuruzika ndani ya karai ambalo kaka yake alikuwa amelishika chini yake. Hakusema kitu. Alipumua kwa mkoromo, lakini alipumua.

Tukamlaza chali. Tulitaka kumwekea dripu, kumpima presha, kumwona vizuri chini ya taa. Akainuka. Tukamlaza tena, akausukuma mkono wa muuguzi, akalipiga karai teke. Mmoja wetu akasema huyu kalewa, mshikeni. Tukamshika watu wanne. Kaka yake ndiye aliyepiga kelele: "Dokta, mwachieni, anakufa huyo!" Midomo ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya majivu. Tulipomwachia aliketi mwenyewe, akainama, akatema bonge la damu lenye jino ndani yake, akavuta pumzi ndefu. Akatulia.

Hakuwa amelewa. Ulimi wake ulikuwa unamkaba, na sisi ndio tuliokuwa tunausaidia kumkaba. Kuketi kwake ndiko kulikokuwa tiba, na mwili wake ulijua hivyo wakati sisi, tuliolisoma jambo hilo darasani, tulikuwa tumelisahau mbele ya damu.

Tangu usiku ule nimeshughulika na nyuso nyingi zilizovunjika, na karibu kila mara nimeona ndugu wa mgonjwa, na wakati mwingine hata wahudumu, wakitazama mahali pasipo. Uso uliopasuka unatisha. Jicho limevimba, pua imehama, shavu limebonyea. Lakini mifupa ya uso inaweza kusubiri siku kadhaa kabla ya kuungwa, na mara nyingi inasubiri. Pumzi haisubiri. Ubongo usiopata oksijeni kabisa huanza kuharibika ndani ya dakika 4 au 5. Ndiyo maana swali la kwanza kwa mtu wa namna hii ni hewa inapita wapi, na itaendelea kupita hapo kwa muda gani. Uzuri wa uso wake utaulizwa baadaye.

Kigingi cha ulimi

Ulimi tunaouona mdomoni ni ncha tu. Sehemu kubwa yake ni nyama nene inayoshuka nyuma hadi karibu na zoloto, mlango wa bomba la hewa. Nyama hiyo imefungwa kwa mbele, upande wa ndani wa kidevu. Gusa kidevu chako: hapo nyuma ya mfupa ndipo ulimi ulipojifunga, kama mtumbwi uliofungwa kwenye kigingi ufukweni. Kigingi kikikaa imara, mtumbwi unacheza na mawimbi lakini hauendi mbali. Taya likivunjika pande zote mbili, kile kipande cha mbele chenye kidevu kinabaki kinaning'inia, na kigingi kimeng'oka. Mtu akiinama, uzito wa ulimi unaangukia mbele na njia inabaki wazi. Akilazwa chali, ulimi unarudi nyuma na kuziba.

Kijana wangu wa kituoni alikuwa na tatizo hilo hasa.

Uso wa juu una hila yake nyingine. Mwaka 1901 daktari wa Kifaransa, René Le Fort wa mji wa Lille, alichapisha matokeo ya kazi ambayo kuisoma tu inatia baridi: alivipiga vichwa vya maiti kwa nguvu za namna mbalimbali, kisha akachunguza mifupa imekatikia wapi. Alitarajiwa kukuta fujo, akakuta mpangilio. Uso hukatika kwa kufuata mistari ileile ya udhaifu. Aina ya kwanza, kaakaa na meno ya juu vinatengana na mifupa iliyo juu yake. Aina ya pili, pua inakwenda pamoja na taya la juu, kipande chenye umbo la piramidi. Aina ya tatu, uso mzima, pamoja na mifupa ya mashavu, unabanduka kwenye fuvu. Daktari akishika meno ya juu na kuyavuta taratibu huku mkono mwingine uko kwenye paji, anahisi ni kipi kinachocheza.

Kwa pumzi, kilicho muhimu ni hiki: sakafu ya fuvu, ambako uso umetundikwa, imeinama kama paa la bati, juu kwa mbele na chini kwa nyuma. Uso ukibanduka hauanguki mbele. Unateleza kwenye mteremko huo, unarudi nyuma na chini, mpaka kaakaa laini linagusana na ulimi. Pua imezibwa na damu, mdomo umezibwa kwa nyuma, na mgonjwa anabaki na upenyo wa kubahatisha.

Halafu kuna damu yenyewe. Uso una mishipa mingi kupita kiasi, ndiyo maana hata mkwaruzo wa wembe unatoa damu kama mzaha. Damu ya mfupa uliovunjika haitoki yote nje. Nyingi inamezwa, na damu tumboni inachefua. Mgonjwa ambaye alikula ugali na sato saa moja kabla ya ajali sasa ana tumbo lililojaa chakula na damu, na atatapika wakati mbaya kuliko wote, yaani pale atakapopewa dawa ya usingizi.

Na kuna uvimbe. Huu ndio unaodanganya watu wengi, kwa sababu hauji wote mara moja. Unaongezeka kwa saa nyingi, hadi siku moja au mbili. Mtu aliyeongea vizuri saa mbili usiku anaweza kufikia alfajiri hawezi kumeza mate yake. Kwetu Kanda ya Ziwa hili lina maana yake, kwani wagonjwa wengi husafirishwa. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa ile kungoja kivuko kwa watu wa Sengerema na Geita, na mimi kila ninapolipita namkumbuka mgonjwa wa kukaa kwenye foleni ya feri. Lakini Nansio, kisiwani Ukerewe, bado ni majini, saa kama tatu za meli hadi Mwanza. Anayemtuma mgonjwa safari hiyo asiulize tu kama anapumua sasa. Aulize kama atapumua akiwa katikati ya maji, ambako hakuna mashine ya kuvuta damu wala mtu wa kumtoboa koo. Kama jibu lina mashaka, njia ya hewa iwekwe salama kabla ya safari, au mgonjwa asindikizwe na mtu anayeijua kazi hiyo.

Barabarani, kabla ya daktari

Utafiti uliofanyika Bugando, hospitali ya rufaa ya Mwanza, na kuchapishwa mwaka 2011 ulikuta kuwa ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuvunja mifupa ya uso kwa wagonjwa wa hospitali ile. Hakuna mkazi wa Buzuruga au Igoma atakayeshangaa. Kofia ngumu nyingi za bodaboda zetu ni zile zilizo wazi mbele. Zinalinda ubongo, na kwa hilo zivaliwe, lakini kidevu na taya vinabaki uchi. Abiria mara nyingi hana hata hiyo. Mwendeshaji akirushwa mbele, kinachofika kwanza kwenye lami ni mdomo.

Anayemwokota huwa ni mwenzake wa kijiweni au mama anayeuza mahindi ya kuchoma. Anamwingiza kwenye bajaji, anamlaza chali juu ya mapaja ya watu wawili, anamwekea kanga usoni ili damu isionekane. Kila kimoja cha vitendo hivyo kimetoka katika huruma, na kila kimoja kinaziba hewa.

Kama majeruhi yuko macho na anataka kukaa akiinama, mwache. Msaidie akae hivyo, mshike kifua na mgongo, damu ichuruzike nje. Usimfunge uso. Usimpe maji, wala chai, wala soda. Kama amepoteza fahamu, mgeuzeni alale ubavu, uso ukielekea chini kidogo, mmoja akishika kichwa ili shingo, kichwa na mgongo vigeuke pamoja kama gogo moja. Pigo lililovunja taya linaweza pia kuvunja shingo, na hilo tunalichukulia kuwa lipo hadi lithibitishwe kuwa halipo. Kwa sababu hiyohiyo usimkunje kichwa kwenda nyuma. Weka vidole nyuma ya kona za taya, chini ya masikio, usukume taya lije mbele. Kama kidevu kimelegea kabisa, shika kipande cha mbele cha taya, au shika ulimi kwa kitambaa, uvute mbele. Inaonekana ni ukatili. Mgonjwa aliyekuwa anakoroma atanyamaza na kuanza kupumua, na hapo utaona mwenyewe.

Vitu unavyoviona mdomoni, kama jino lililong'oka, meno ya bandia, mchanga au bonge la damu, vitoe. Usivyoviona usivichokonoe kwa kidole, maana utavisukuma ndani.

Na meno. Mkiliona jino barabarani, lileteni. Watu hudhani tunalitaka ili kulirudisha, na kweli jino zima la mtu mzima lililowekwa kwenye maziwa na kufikishwa haraka linaweza kurudishwa. Lakini sababu yangu mimi ni nyingine: nahesabu. Nikikuta mapengo 3 mapya na meno 2 kwenye kitambaa, la tatu liko wapi? Laweza kuwa tumboni, ambako halina madhara makubwa. Laweza kuwa kwenye pafu, mara nyingi la kulia, kwa kuwa tawi la kulia la bomba la hewa ni pana na limenyooka zaidi. Jino lililokaa kwenye pafu huoza humo na kuleta nimonia. Ndiyo maana mgonjwa aliyevunjika mdomo anapelekwa kupigwa picha ya kifua, na ndugu wanauliza kwa haki kabisa, "Mbona kaumia usoni, mnapiga picha kifuani?"

Kwa nini hatuweki tu mpira wa kupumulia?

Hili ndilo swali ambalo ndugu huniuliza mlangoni pa thieta, na ni swali zuri. Kwa mgonjwa wa kawaida utaratibu ni huu: anavuta oksijeni kwa barakoa, anachomwa dawa ya kulala na ya kulegeza misuli, anaacha kupumua, tunampumulia kwa kukamua mfuko uliounganishwa na barakoa, tunafungua mdomo kwa laringoskopu yenye taa, tunaona mlango wa zoloto, tunapitisha mpira. Kazi ya dakika moja.

Sasa vunja uso, uone kila hatua inavyosaliti.

Barakoa inahitaji uso mgumu wa kuegemea. Juu ya shavu lililobonyea na taya linalocheza haishiki, hewa inatorokea pembeni, na ukiikandamiza unausukuma uso uliobanduka uzidi kurudi nyuma. Laringoskopu inahitaji kuona. Mahali ulipotarajia zoloto pana dimbwi la damu, na ukivuta kwa mashine linajaa tena. Kamera za kisasa zinazopita ndani ya koo husaidia sana kwa uvimbe, lakini tone moja la damu kwenye kioo chake linakuacha kipofu. Shingo nayo hairuhusiwi kukunjwa.

Kibaya zaidi ni ile dawa ya kulegeza misuli. Mgonjwa akiwa macho, misuli yake ndiyo inayoshikilia vipande mahali pake. Anakaza taya, anausukuma ulimi mbele, anageuza kichwa kutafuta upenyo, anameza, anatema. Hakuna bandeji wala chuma kitakachofanya kazi hiyo kwa ustadi huo. Ukimchoma dawa, umewafukuza wafanyakazi wote kwa mpigo mmoja. Upenyo aliokuwa akiulinda kwa saa nzima unafungwa ndani ya nusu dakika, na kuanzia hapo uhai wake uko mikononi mwako peke yako.

Kwa hiyo kabla ya dawa tunanunua muda. Mtu mzima mwenye mapafu mazuri, akivuta oksijeni tupu kwa dakika chache hadi mapafu yajae, anaweza kukaa takriban dakika 8 bila kupumua kabla oksijeni ya damu haijashuka kwa hatari. Bila maandalizi hayo ni kama dakika moja. Mgonjwa aliyemeza damu, aliyevuta nyingine mapafuni, au aliyevunjika mbavu hapati dakika 8, lakini kila dakika tunayoiongeza ina thamani. Na oksijeni hiyo tunampa akiwa amekaa, kwa namna ileile aliyoichagua mwenyewe.

Tunapoona kazi itakuwa ngumu, mara nyingine hatumlazi usingizi kwanza. Tunampulizia dawa ya ganzi kooni, tunamweleza kila hatua, na mpira unapita akiwa macho na akijipumulia. Au tunatumia ketamini kidogokidogo, dawa ambayo hospitali nyingi za wilaya wanaijua vizuri, kwa sababu inatuliza maumivu na kwa kawaida inamwacha mgonjwa akiendelea kupumua. Na daktari wa upasuaji anakuwa amesimama pale, amevaa glavu, kisu kimefunguliwa, alama ya kalamu imeshachorwa shingoni. Tunaichora kabla, maana mkono unaotafuta mahali pa kukata wakati mashine inalia king'ora ni mkono unaotetemeka.

Katika Vita Kuu ya Kwanza daktari Mwingereza aliyeitwa William Kelsey Fry alimsindikiza askari aliyepigwa kwenye taya. Alimwongoza akitembea, kichwa kimeinama, hadi kituo cha huduma. Pale wakamlaza chali kwenye machela, na muda mfupi baadaye akafa. Fry hakulisahau hilo, na fundisho la kuwabeba majeruhi wa uso wakiwa wameinamia chini likaenea. Baadaye alifanya kazi Sidcup, nje kidogo ya London, katika hospitali iliyofunguliwa mwaka 1917 kwa ajili ya nyuso zilizoharibiwa vitani, chini ya daktari wa upasuaji Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand. Usingizi wa wakati ule ulitolewa kwa kitambaa au barakoa usoni. Lakini uso ndio uliokuwa unashonwa! Mtoa usingizi na mshonaji waligombania inchi zilezile chache, na mvuke wa dawa ukimpata hata daktari.

Vijana wawili wa usingizi, Ivan Magill na Stanley Rowbotham, walitafuta njia ya kuondoka usoni. Wakapitisha mipira hadi ndani ya bomba la hewa, na kazi yao baada ya vita hivyo ndiyo iliyoufanya mpira wa kupumulia kuwa jambo la kawaida. Koleo lililopinda alilolibuni Magill la kuongoza mpira kooni limo kwenye trei za thieta zetu leo, nami nimelishika maelfu ya mara. Ninalitaja kwa sababu watu hudhani majeraha ya uso ni tawi dogo la kazi yetu. Kumbe kazi yenyewe kwa sehemu kubwa ilizaliwa humo.

Njia ya pua, na njia ya chini ya kidevu

Tuseme dharura imepita, mgonjwa ametulia, na siku ya kuunga mifupa imefika. Hapa linakuja fumbo jingine. Mshonaji anajuaje kwamba taya limerudi mahali pake? Kwa meno. Anayafumba meno ya juu na ya chini yakutane kama yalivyokutana tangu ujana, anayafunga kwa waya, ndipo anapofunga mfupa kwa bati na skrubu. Mpira uliopita mdomoni unayazuia meno yasifumbane. Kwa hiyo mpira unapitishwa puani, na mdomo unaachwa kwa mshonaji mwenyewe.

Lakini kama pua yenyewe imesagika? Au kama sakafu ya fuvu imepasuka? Ukiona macho yote mawili yamezungukwa na weusi, au puani yanatoka maji mepesi yasiyokoma baada ya damu kupungua, ogopa. Maji hayo yanaweza kuwa yale yanayouzunguka ubongo. Mpira unaosukumwa puani bila kuona, hata ule mwembamba wa kulishia, unaweza kupita kwenye ufa huo ukaingia ndani ya fuvu. Imeshatokea duniani, na picha zake huwezi kuzisahau.

Mwaka 1986 daktari wa Kihispania, Francisco Hernández Altemir, alieleza njia ya kati ambayo mimi naiona nzuri kupita kiasi. Mpira unawekwa mdomoni kama kawaida. Kisha inakatwa tundu ndogo chini ya kidevu, pembeni kidogo, hadi sakafu ya mdomo, na ncha ya nje ya mpira inavutwa kupitia hapo. Mgonjwa anapumua kupitia chini ya kidevu, mdomo uko huru, pua iko huru, meno yanafumbana. Kazi ikiisha mpira unarudishwa mdomoni na tundu linashonwa, kovu linajificha kwenye kivuli cha taya. Haifai kwa mgonjwa atakayehitaji mashine ya kupumulia kwa siku nyingi. Huyo anahitaji kutobolewa koo.

Kutobolewa koo

Hapa ndipo ndugu wanapogoma. Nimemsikia mzee mmoja, kwa heshima zote, akisema: "Mwanangu, mtu akishatobolewa koo ndiyo basi tena." Nikamsalimu shikamoo, nikaketi chini pamoja naye kwenye benchi, kwa sababu jambo hili halielezwi kwa kusimama.

Kuna kutoboa kwa namna mbili na zisichanganywe. Ya kwanza ni ya dakika ileile: mdomo umeshindikana, pua imeshindikana, barakoa haishiki. Ukipapasa koromeo na kushuka kidogo kwa kidole utakuta kibonde laini kabla ya pete ngumu inayofuata. Ngozi hapo ni nyembamba, na chini yake kuna utando tu kabla ya hewa. Hapo ndipo daktari anapokata. Haihitaji vifaa vingi: kisu, kitu cha kuongoza, mpira mdogo. Inahitaji uamuzi. Wagonjwa wengi waliopotea kwa njia hii duniani hawakupotea kwa kisu kukosea, walipotea kwa sababu kilichelewa, kila mtu akiomba jaribio moja zaidi la mdomoni. Watoto wadogo hawakatwi hapo. Koromeo lao ni dogo na laini mno, wana taratibu zao.

Ya pili ni trakeostomia, inayofanywa kwa utulivu, chini zaidi shingoni. Mara nyingine tunaifanya mgonjwa akiwa macho, kwa ganzi tu, kwa sababu ndiyo salama kuliko kumlaza usingizi kwanza. Anakuwa ameketi nusu, namshika mkono, namweleza. Daktari akifungua bomba la hewa kunatoka sauti fupi ya upepo, mgonjwa anakohoa, na ghafla ile kazi ya kifua kuvuta kwa nguvu inakoma. Mabega yanashuka. Nimeona watu wakilia machozi wakati huo, na hayakuwa ya maumivu.

Kisha anajaribu kusema, na sauti haitoki. Hilo lazima aambiwe kabla, yeye na ndugu zake, maana hewa sasa inatokea chini ya nyuzi za sauti. Apewe daftari na kalamu. Sauti itarudi. Uvimbe ukiisha na mifupa ikishika, mpira unatolewa, kitundu kinafunikwa kwa bandeji, na kwa wengi kinajifunga chenyewe ndani ya siku kadhaa hadi wiki chache. Yule mzee nilimwonyesha mgonjwa wa kitanda cha tatu, aliyekuwa akimwagiza dada yake vocha kwa sauti nzima, kovu dogo shingoni. Akamtazama muda mrefu. Akasaini.

Waya na mkasi

Wengi wanaporudi nyumbani bado wana meno yaliyofungwa pamoja, kwa wiki 4 hadi 6. Wanaishi kwa uji wa ulezi mwepesi, maziwa, mchuzi wa samaki uliochujwa vizuri. Hofu ya kila mtu ni moja: akitapika je?

Akitapika, ainame mbele kabisa, uso utazame chini, midomo ipanuliwe kwa vidole. Kwa kuwa anakula vimiminika tu, matapishi hupita katikati ya meno na nyuma ya magego. Mara nyingi hilo linatosha. Lisipotosha, waya zinakatwa, na ndiyo maana wodini mkasi wa waya unaning'inia kwenye kichwa cha kitanda chake, si kwenye kabati la muuguzi wala kwenye droo yenye ufunguo. Akiruhusiwa kwenda nyumbani anaondoka nao.

Mama mmoja kutoka Ukerewe alimchukua mwanawe hivyo. Alipewa mkasi umefungwa kwenye kitenge chake. Muuguzi akamwinamisha kijana kwenye mwanga wa dirisha, akamfunua mdomo, akamwonyesha mama zile waya za kukata: zinazosimama wima kati ya meno ya juu na ya chini, si zile zilizolala kuzunguka meno. Mama akataka kuzihesabu mwenyewe. Akaweka kidole kwenye moja, kisha nyingine, upande wa kulia tatu, wa kushoto tatu, akarudia tangu mwanzo bila kuangalia, kwa kupapasa tu, kwa sababu, alisema, usiku kwao umeme hukatika.